Lijamu lisilomwumiza farasi

Ndugu msomaji, bila shaka umelisikia neno hatamu mara nyingi kuliko ulivyomwona farasi. Katika miaka ya 1980 ilikuwa nadra mkutano kumalizika pasipo kuelezwa kwamba Chama kimeshika hatamu, hata wengi wakasahau kwamba hatamu kwa asili ni ukanda tu, na kwamba ncha za ukanda huo zimefungwa kwenye chuma kilichomo kinywani mwa kiumbe hai. Chuma hicho ndicho kiitwacho lijamu, nacho ndicho tutakachokizungumzia leo.

Farasi katika nchi yetu ni wachache, kwani mbung'o na maradhi yake hawakumpa nafasi ya kuenea. Hata hivyo Jeshi la Polisi lina kikosi chake cha farasi na mbwa, na huku pembezoni mwa Dar es Salaam huenda umewahi kumwona farasi akitembezwa ufukoni, watoto wakimlilia baba yao awapandishe. Ikiwa wewe ndiwe baba huyo, basi kabla hujatoa fedha mfukoni, mtazame kwanza farasi mdomoni.

Farasi ana meno ya mbele ya kukatia majani, na magego ya nyuma ya kusagia. Baina yake pana pengo lisilo na meno, na hapo ndipo lijamu hukaa. Mtu aonaye pengo hilo hudhani limeumbwa kwa ajili ya chuma. La hasha! Ufizi wa hapo ni mwembamba mno, na chini yake umo mfupa wenye ukingo. Kandamiza ufunguo juu ya muundi wa mguu wako, nawe utapata fununu ya jambo linalompata farasi pindi hatamu zinapovutwa kwa pupa. Ulimi nao umelala papo hapo, hauna pa kukimbilia. Tena wako farasi wenye vijino vidogo mbele ya magego ya juu, ambavyo chuma kikivigusa huleta maumivu. Hao yafaa waonwe na daktari wa mifugo kabla ya kutiwa lijamu lolote.

Malijamu ni ya namna nyingi, lakini kwa mnunuzi wa kawaida yatosha kutofautisha mawili. La kwanza ni chuma cha kinywani chenye pete mbili za pembeni, na hatamu hufungwa penye pete hizo. Mkono ukivuta kidogo, kinywa husikia kidogo. La pili lina vyuma virefu vinavyoning'inia pande mbili, pamoja na mnyororo upitao chini ya kidevu. Hili hufanya kazi ya wenzo: kadiri vyuma hivyo vinavyokuwa virefu, ndivyo mvuto mdogo wa mkono unavyogeuka kuwa mbano mkubwa. Mpandaji aliyebobea huweza kulitumia kwa kidole kimoja. Mwanafunzi hastahili hata kukabidhiwa.

Hata hilo la kwanza lina siri zake. Lenye kifundo kimoja katikati hukunjika mithili ya kibanio, na kifundo chake huweza kuelekea kwenye kaakaa. Farasi mwenye kaakaa la chini atapanua kinywa na kurusha kichwa, kisha bwana wake atasema ni mkaidi. Lenye vifundo viwili na kipande laini katikati hutulia vizuri zaidi juu ya ulimi. Chuma chembamba hukata. Kinene hutawanya uzito, ila kikizidi unene hujaza kinywa kidogo hata farasi akashindwa kufumba. Kwa farasi wengi unene wa milimita 14 hadi 16 hufaa.

Upana hupimwa kwa kamba safi ipitishwayo kinywani mahali pa lijamu, ikatiwa alama kwenye pembe za midomo. Ongeza nusu sentimita kila upande. Kinywa cha sentimita 12, mathalani, kitataka lijamu la sentimita 13. Likiwa fupi litabana midomo. Likiwa refu litateleza huku na huku. Likishavikwa, pembe ya mdomo na iwe na kunyanzi moja au mbili, si zaidi.

Mgiriki Xenophon, aliyeandika juu ya upandaji farasi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alishauri mtu awe na malijamu mawili, moja laini na moja la kukwaruza, ili farasi akishaonja la pili alithamini la kwanza. Mwandishi wa makala haya hakubaliani na mzee huyo. Farasi hujifunza pale mkono unapolegea mara tu anapotii. Mkono usiolegea hugeuza hata lijamu bora kuwa adhabu. Ndiyo sababu mtoto anayejifunza afungiwe farasi wake ukanda shingoni, aushike huo anapoyumba, asijitegemeze kwa hatamu.

Kwa punda, ambao nchini kwetu ni wengi kuliko farasi, mara nyingi lijamu halihitajiki kabisa: kamba pana ya kichwani, iliyozungushiwa kitambaa penye pua, humwongoza vema. Kuna watu wanaowatia punda waya au kamba ya katani kinywani kwa kukosa fedha. Waya hugharimu zaidi, maana punda mwenye kidonda kinywani hali vizuri, na asiyekula hawezi kuvuta mzigo wa kesho. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili wa namna hiyo.

Neno moja kwa wakaao karibu na bahari. Chumvi ya hewani hula chuma upesi, na kutu huacha vishimo vyenye makali. Afadhali kununua chuma kisichoshika kutu. Kila baada ya safari lioshe lijamu kwa maji baridi, lipanguse, kisha pitisha kidole polepole juu yake na penye vifundo vyote. Mahali patakapokukwaruza kidole patakwaruza na ulimi. Liweke kando siku hiyo hiyo.