Wino wangu mwekundu na soko la Lamu

Sisi wakazi wa Eldoret ni watu wa baridi. Mji wetu umekaa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ifikapo Julai hata mama muuza managu sokoni hujifunika blanketi mabegani. Ndiposa Januari, chuo kilipofunga, nikafunga safari ya Lamu kuiotea mifupa jua. Wahenga walinena: tembea uone. Nilitembea, nikaona, na niliyoyaona yamenikosesha raha hadi leo.

Basi lilipita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe. Hapo barabara hukoma, msafiri akashuka na kupanda mashua. Nilifika wakati wa kaskazi. Vitabu vyetu vya shule hupenda kuzungumzia kiangazi, lakini mtu wa pwani huuhesabu mwaka wake kwa upepo. Upepo wa kusi ukivuma katikati ya mwaka, bahari huchafuka na wenye vyombo vidogo hubaki ufuoni. Kaskazi ikiingia, baina ya Desemba na Machi, jua huwaka, bahari hutulia na soko hushiba.

Soko lenyewe limejibanza kando ya Ngome, jengo la tangu mwanzoni mwa karne ya 19 ambalo lilikuwa gereza hadi mwaka 1984. Nilipita kwenye embe, ndimu, nazi na tambuu, nikiwapisha punda kila hatua, hadi nikafika kwa wauza samaki. Nguru, changu, tafi, kolekole na pweza walikuwa wamelazwa juu ya meza. Mzee mmoja aliniona nikisitasita, akaniita: “Ndoo, bwana! Angalia mato yake.”

Nilielewa mara moja. Alikuwa akiniambia njoo, nitazame macho ya samaki, kwani jicho angavu ndilo cheti cha samaki wa leo. Kabla sijajibu, mjukuu wake, msichana aliyevaa sare za shule, alimsahihisha mbele ya wateja: “Babu, si mato. Ni macho. Mwalimu amesema.” Watu wakacheka. Mzee naye akacheka, kisha akanyamaza. Nililipa, nikachukua changu wangu, nikaenda zangu. Lakini neno la yule mtoto lilinichoma, kwa kuwa mwalimu aliyesema hivyo angeweza kuwa mimi.

Miaka kadhaa iliyopita nilimfundisha kijana kutoka Lamu. Katika insha yake aliandika “mato” na “mtele”. Niliyazungushia yote mawili wino mwekundu, nikampunguzia alama, na pembeni nikaandika: Kiswahili kibovu. Kijana alinijia ofisini kwa adabu, akaniuliza: “Mwalimu, neno hili hili umetufundisha katika ushairi, ukatwambia ni lugha ya magwiji. Kwao ni ufasaha, kwangu mimi ni kosa?” Nilimjibu kwamba mtihani ni mtihani. Aliinama, akatoka. Sikuwa na jibu, nikajificha nyuma ya cheo.

Naam, jibu lenyewe ni hili. Mahali ambapo sisi wa sanifu tunasema ch, Kiamu mara nyingi husema t: macho ni mato, mchele ni mtele, chini ni tini. Mahali pa nj husimama nd: njia ni ndia, njaa ni ndaa, njoo ni ndoo. Mahali pa j huja y: moja ni moya, jana ni yana. Chukua kuchinja, uzitie kanuni mbili za kwanza kwa pamoja. Utapata kutinda, na ndivyo wasemavyo. Mtu anayekosea hakosei kwa mpango namna hii. Hii ni sarufi kamili, na mtoto wa Lamu huipata kwa mamaye kabla hajaliona darasa.

Fauka ya hayo, lugha hii ina ukoo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi kwa lahaja hii. Mwana Kupona binti Mshamu alimwandikia binti yake wosia kwa lahaja hii mwaka 1858, na hata neno utendi tunaloutajia wosia huo ni la kaskazini. Sanifu husema utenzi. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Uamuzi ule ulihusu vitabu vya shule na shughuli za serikali. Haukumvua mtu wa Lamu ulimi wake.

Nisieleweke vibaya. Pasi na sanifu, mimi niliyezaliwa bara na kukipata Kiswahili darasani nisingeweza kukuandikia makala haya, nawe wa Kakamega au Kitui usingeyasoma. Sanifu ni ua wetu sote. Lakini ua hauzuii mtu kuwa na nyumba. Ajabu ni kwamba tunapokiuka ngeli hapa Eldoret tunacheka na kusameheana, ilhali mwenye lugha akisema kama nyanyake tunamkata alama.

Jambo hili lina haraka yake. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, na bandari huleta wageni: makarani, madereva, walimu, kila mmoja na sanifu yake mkononi. Ikiwa mtoto wa leo anamwonea haya babu yake sokoni, mtoto wa kesho hatakuwa na wa kumwonea haya. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha anuwai za watu wa Kenya. Hailazimu kugharimu mamilioni. Mwalimu wa Lamu na agawe ubao safu mbili, macho huku na mato kule, awaonyeshe watoto kanuni inayoziunganisha. Mtahini akutanapo na umbo la lahaja katika insha, na aandike pembeni umbo la sanifu bila kukata alama wala kutukana.

Nami, kwa upande wangu, nimeanza kuulizia alipo kijana yule. Nikimpata nitamwomba radhi, na sitamwandikia kwa wino mwekundu. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wenye lugha. Sisi tuliwalazimisha wauache wao, kisha tukawacheka kwa kukaa chini.