Metali Haiozi: Takataka za Minere Ziende Wapi?

Tusikilize kwanza mazungumzo ya mama wawili majirani.

«Mama, ile saki ya minere unawekea nini?»

«Ni ya unga wa bukari. Usiogope, nimeifula na sabuni mara mbili.»

«Na mayi ya kufulia ulimwanga wapi?»

«Hapa tu, kwa lengalenga.»

Mama huyu anapenda usafi. Lakini sumu hakuiondoa, ameihamisha tu. Ganda la ndizi likitupwa linaoza na kuwa udongo. Risasi, kadimiamu na kobalti haziozi. Leo ziko katika saki, kesho katika udongo wa mboga, kesho kutwa katika tumbo la mtoto.

Jirani zetu wa Kabwe

Huko Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994. Kazi iliisha, lakini takataka zilibaki nje. Upepo ukabeba vumbi mpaka ndani ya parseli za watu. Miaka mingi baadaye madaktari walikuta risasi nyingi katika damu ya watoto. Risasi inaharibu ubongo unaokua: mtoto anachelewa kujifunza, na sisi tunamwita mvivu.

Kwetu Katanga, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo wa watu, wakatangaza matokeo mwaka 2009. Waliokaa karibu na migodi na viwanda, chini ya kilometa 3, walikuwa na metali nyingi zaidi, hasa kobalti.

Kiwanda kifanye nini?

Maji makali ya kiwanda yasimwagwe mtoni. Yatiwe chokaa: ukali unapungua, na sehemu kubwa ya metali inashuka chini na kuwa tope. Tope lifungiwe katika shimo lenye udongo wa mfinyanzi au plastiki nene chini yake, mbali na mto. Shimo likijaa, lifunikwe kwa udongo na kupandwa majani. Visima vya karibu vipimwe kila mara, hata mgodi ukiisha kufungwa. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inadai kila kampuni iwe na mpango wa kulinda mazingira.

Na sisi nyumbani?

— Saki ya minere isirudi jikoni. Irudishwe depo, isichomwe.

— Baba akitoka shimoni avue nguo za kazi nje. Zifuliwe peke yake, mbali na kisima na bustani.

— Tusiponde wala kuosha minere katika parseli, wala mtoni ambako wengine wanachota mayi.

— Tuloweshe sakafu mbele ya kufagia. Watoto wanawe mikono mbele ya kula.

— Kuchemsha mayi kunaua vijidudu, lakini hakuondoi metali.

Mama wetu aliuliza tena: «Na ile mayi, ningeimwanga wapi basi?» Swali lake ni la haki, na jibu haliko mikononi mwake peke yake. Mwanzo 2:15 yatukumbusha kwamba mtu alipewa bustani ailime na kuitunza. Basi wazazi wa parokia waende pamoja kwa mkubwa wa mtaa na kwa kampuni, waulize kwa heshima: takataka zenu mnazifungia wapi?

*Kwa vijana:* Mvua ikinyesha katika mtaa wenu, maji ya kilima cha takataka yanateremkia wapi? Nani anakunywa huko?