Kumpima Karani: kwa Kichwa au kwa Kalamu?

Asimamaye Sirari, mji wa wilayani Tarime unaotazamana na Isebania ya Kenya, huona hesabu zikifanywa pasipo karatasi: mteja huleta shilingi 4,300 za Kenya, na iwapo bei ya siku hiyo ni shilingi 19 za Tanzania kwa moja, mbadilishaji wa fedha huichukulia kuwa 20, akapata 86,000, akatoa 4,300, akatamka 81,700 mteja angali amenyoosha mkono. Aliyepewa kalamu huzidisha kwa tisa, kisha kwa kumi, akajumlisha. Atafika palepale, lakini kwa njia nyingine.

Vijana wengi wa Tarime na Serengeti, waliokulia baina ya mpaka na minada ya ng'ombe, huingia katika usaili wa kazi na maarifa hayo, ilhali hakuna ayaulizaye. Katika utumishi wa umma, Sekretarieti ya Ajira aghalabu hutanguliza mchujo wa kuandika, na asiyeuvuka haonani na jopo la mahojiano.

Siibezi karatasi hata kidogo. Hesabu ya stoo katika mgodi wa dhahabu wa North Mara, kule Nyamongo, au ya ghala ya dawa ya hospitali mjini Mugumu, si mali ya karani peke yake: wa zamu ifuatayo na mkaguzi wana haki ya kuiona hatua kwa hatua, na atamkaye jawabu bila kuacha maandishi, awe hodari namna gani, hafai kukabidhiwa amana ya watu.

Lakini kalamu nayo haishtuki. Karani aliyekwisha kukadiria kichwani kwamba jawabu haliwezi kupita 86,000 atagutuka aonapo 817,000 kwenye kikokotoo, na mwenzake asiyekadiria atazinakili tarakimu hizo daftarini kwa hati nzuri, akaweka na sahihi.

Kwa hiyo nawasihi waajiri wamuulize mwombaji maswali machache ya kichwa, kisha wampe karatasi aandike njia aliyoipita katika mojawapo. Wala wasimshikie saa. Hofu ya jopo humpokonya mtu tarakimu alizozishika tangu utotoni, na kumhesabia hofu hiyo kuwa ujinga ni dhuluma. Swali lisomwe kwa utulivu, tena mara mbili, kwa Kiswahili cha sokoni, na liwe la kazi yenyewe: magunia, lita za dizeli, chenji ya mteja.