Waraka wa Kidhibiti kwa Draivu ya Mota

Katika nyumba ya pampu ya maji, kama ilivyo katika kiwanda cho chote chenye mota kubwa, aghalabu utakuta kisanduku kilichowekwa baina ya umeme na mota, nacho mafundi hukiita draivu. Kazi yake ni kuupokea umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde na kuutoa kwa mizunguko mingi au michache kadiri ya haja, maana mwendo wa mota huufuata umeme huo, na mota ya ncha nne, ambayo hukaribia duru 1500 kwa dakika, hupungua kasi kila mizunguko inapopungua. Faida yake si haba, kwani kwa kanuni ya pampu za pangaboi, pampu iendayo kwa asilimia 80 ya mwendo wake huhitaji takriban nusu tu ya nguvu.

Ndani ya draivu mna daftari la parameta, yaani thamani ziiongozazo: mota ichukue sekunde ngapi kufikia mwendo kamili, isipite mizunguko mingapi, isimamishwe ikivuta umeme wa kiasi gani. Fundi aweza kwenda mwenyewe akazibonyeza moja moja. Lakini penye draivu nyingi, na penye kazi ibadilikayo mara kwa mara, ni afadhali kidhibiti, ile kompyuta ya kiwandani iendeshayo mitambo, kiziandike kwa mbali kwa waraka upitao katika waya wa mtandao.

Lugha ya nyaraka hizo iliyoenea mno ni Modbus, iliyotolewa mwaka 1979 na Modicon ya Marekani, nayo hata leo inatumika. Waraka wake wa kuandika thamani moja katika waya wa kawaida ni baiti nane tu. Ya kwanza ni anwani, kwa kuwa waya mmoja huzihudumia draivu nyingi, na kila moja huyasikia yote yasemwayo ila huitika lake tu; ya pili ni amri, na amri ya kuandika rejista moja ni 06; mbili zinazofuata hutaja rejista, ambayo ni kama ukurasa wa lile daftari; mbili tena huchukua thamani yenyewe; na mbili za mwisho ni hesabu ya uhakiki, ambayo draivu huipiga upya, na ikiona haiwafikiani na iliyoandikwa, huutupa waraka wote bila ya kujibu.

Hapo ndipo wengi wanapojikwaa, wala si kwa ujinga. Vitabu vingi huzihesabu rejista kuanzia 40001, hali waraka wenyewe huanza kwa sifuri, hata rejista iitwayo 40002 kitabuni ikawa namba 1 katika waraka. Asiyelijua hilo atamwandikia jirani, na jirani huenda akapokea. Tena waraka hauna nukta: mizunguko 50.00 huandikwa 5000, na mwenye kuandika 50 ameomba nusu mzunguko kwa sekunde, kisha atashangaa mota inatambaa. 

Draivu ikikubali, huurudisha waraka uleule, neno kwa neno. Nao ni ustaarabu unaonipendeza sana, kwa sababu mwandishi hupata kuisoma amri yake kama ilivyofahamiwa. Ikikataa, hurudisha 86 mahali pa 06, kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita, pamoja na namba ya sababu: 02 kwa rejista isiyokuwapo, 03 kwa thamani isiyokubalika. Kidhibiti kisichoangalia jawabu hili hudhani kimetii­wa, na mota ikaendelea na desturi yake ya jana.

Lakini hatari iliyo kubwa haina kelele. Draivu nyingi zina kumbukumbu mbili, moja ya muda, ipoteayo umeme ukikatika, na moja ya kudumu, ambayo huchakaa kwa kuandikwa, na mara nyingi hukadiriwa kuvumilia maandishi 100,000 hivi. Hesabu hiyo yaonekana kubwa mpaka ukumbuke kwamba kidhibiti hupitia programu yake mara nyingi katika sekunde moja. Kikiachwa kiandike hata mara moja tu kwa sekunde, kikomo hicho hufikiwa kabla ya saa 28 kutimia. Kwa hiyo mtengenezaji wa programu hana budi kuufunga waraka kwa sharti, utoke pale tu thamani inapobadilika, na usitoke mwingine kabla ya wa kwanza kujibiwa. Kisha achague kwa makusudi kumbukumbu ya kuandikia. Katika draivu za PowerFlex 755 za Allen-Bradley, mathalani, ziandikiwapo kwa lugha nyingine isiyo Modbus, tofauti hiyo yote imo katika namba moja ya waraka: 9 huandika kwa kudumu, na 10 huandika kwa muda.

Mwenye kuchagua ya muda amejitwika wajibu mwingine: siku umeme unapokatika na kurudi, draivu huamka na thamani zake za kale, na ni juu ya kidhibiti kutambua kuamka huko na kuziandika tena zote kabla hakijairuhusu mota kuzunguka.