Kutafuta Nyumba ya Bei Nafuu Buzuruga

Buzuruga, kata iliyo katika Manispaa ya Ilemela jijini Mwanza, ipo kando ya barabara ya Musoma, na stendi yake ya mabasi huwafaa wanaokwenda mjini lakini hawataki kulipa kodi za nyumba za huko. Mpangaji mgeni kwa kawaida hupitia kwa dalali, ambaye mara nyingi hudai ujira sawa na kodi ya mwezi mmoja. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Malipo hayo ya mwanzo ndiyo humuumiza anayehama, kuliko kodi ya mwezi yenyewe.

Nyumba za mlimani, kati ya mawe, huwa nafuu, lakini maji na njia vikaguliwe kwanza. Mita ya umeme ya Luku inayotumiwa kwa pamoja nayo huzua ugomvi. Mkataba uandikwe, na fedha isitolewe kabla mwenye nyumba hajathibitishwa na serikali ya mtaa.