Kujua mwendo wa wastani kabla ya kupanga safari

Timu inayokwenda kijijini kusaidia mazungumzo ya amani inapaswa kurudi kabla ya giza. Daftari la dereva linaweza kutusaidia, tukiingiza safari zake katika Excel.

Katika safu A andikeni kilometa, B saa ya kuondoka, C saa ya kufika. Tumieni saa za kompyuta: 08:00, si saa 2 asubuhi. Katika D2 andikeni =(C2-B2)*24, kwa sababu Excel huhesabu siku nzima kuwa 1. Safu D iwe ya namba za kawaida.

Mfano: kwenda kilometa 80 kwa saa 2 ni mwendo wa 40 kwa saa. Kurudi kwenye matope kwa saa 4 ni 20. Wengi husema wastani ni 30. Sivyo. Gawanyeni kilometa zote kwa saa zote. Katika Excel ya Kifaransa:

=SOMME(A2:A3)/SOMME(D2:D3)

Yaani 160 kwa 6, karibu 26,7.

Mkipanga kwa 30, mtachelewa dakika 40, na giza litawakuta njiani. Mvua ikinyesha kabla ya kurudi, pangeni kwa 20 ya matope.