Herufi za Walisu

Msafiri apandaye bonde la mto Nujiang, ndio Salween, katika jimbo la Yunnan karibu na mpaka wa Myanmar, huweza kukuta maandishi ya kushangaza: herufi kubwa za Kirumi, nyingine zimesimama, nyingine zimepinduliwa kichwa chini. Asidhani ni kosa la mpiga chapa. Ndiyo maandishi ya Walisu, yaliyotungwa yapata mwaka 1915 na mmisionari James O. Fraser pamoja na Ba Thaw, Mkareni.

P yasomwa pa, maana irabu a haiandikwi. P iliyopinduliwa ni pa itamkwayo kwa pumzi. Watu wa pwani yetu waijua tofauti hiyo: paa wa mwituni hutamkwa kwa pumzi, paa la nyumba bila pumzi, walakini sisi twaandika yote mamoja, na msomaji abahatishe. Mlisu hakuachiwa mashaka hayo. Hata kupanda na kushuka kwa sauti, kunakogeuza maana ya neno, huonyeshwa kwa alama sita za nukta na mikato mwishoni mwa silabi.

Katika miaka ya 1950 serikali ya China ilitoa maandishi mengine. Walisu wengi hawakuyaacha yale ya kwanza, nayo yakakubaliwa rasmi mwaka 1992.